Swali la Kumi

Nyakabiga, 3 Aprili 2004

Mdogo wangu Soumaya,
Asalam alaykum. Huku tuko wazima, ila mama anakohoa kidogo. Na we, baridi ya Liège imekuachia?

Jana nilienda sibakafe kuona karatasi yangu uliyoiweka kwenye intaneti. Maswali yangu tisa, yale nayouliza kabla ya kuamua kama mama mwenye uchungu aondoke mbio kwenda hospitali ao azalie nyumbani. Mutu anabonyeza ndiyo ao apana, programu inamupa jibu. Nilifurahi sana. Halafu nikaona swali la kumi. Cirimwami ni nani?

Dada yako, Waridi


Liège, 29 Aprili 2004

Dada Waridi,
Waalaykum salaam. Mi muzima, masomo tu yananikaba.

Cirimwami ni mukunga wa Bukavu. Programu iko wazi: yeyote anaweza kuchukua modeli ya mwenzake, maswali yake yote, akaongeza lake, wengine wakaitumia. Yeye aliuliza: "Gari ikirudishwa kwenye barière ya askari, kuna watu wanne wa kumubeba mama?" Kama hawako, azalie nyumbani. Profesa wangu alilisoma mbele ya darasa zima. Jina lako liko juu, lake chini ya lako.

Mdogo wako, Soumaya


Nyakabiga, 20 Mei 2004

Soumaya,
Salamu. Tuko wazima.

Miaka kumi na moja mi nazalisha watu risasi zikilia, na profesa wako anasoma swali la Cirimwami. Barua nzima unamusifu yeye, kikohozi cha mama hukukiuliza. Kinachoniuma zaidi ni kwamba swali ni zuri, na mi sikuliwaza.

Toa yote. Karatasi ni yangu.

Waridi


Liège, 11 Juni 2004

Dada,
Natumaini mama amepona. Nimeitoa yote. Cirimwami ameandika kuniuliza amekosa nini. Sijamujibu.

Mdogo wako


Nyakabiga, 2 Agosti 2004

Mdogo wangu Soumaya,
Asalam alaykum. Mama amepona. Mi usingizi sipati.

Odette, mukunga mwenzangu wa Carama, alikuwa na maswali yangu tisa tu. Alisikia kuna la kumi, akashuka mjini sibakafe kulichapisha kwenye karatasi, akakuta hakuna kitu. Wiki iliyofuata mama mumoja, Caritas, alishikwa na uchungu saa ya kutotoka nje ikikaribia. Maswali tisa yakasema aondoke. Gari ikarudishwa kwenye barière, na wa kumubeba hawakuwepo. Alizalia ndani ya gari. Caritas yuko hai. Mutoto hakupumua.

Odette alikuja kunihadisia. Aliniambia, "Labda ile mashine iliharibika." Nilimumiminia chai. Alipoondoka nikakaa chini nikuandikie.

Irudishe yote, na jina la Cirimwami. Mwambie hakukosa kitu.

Bado namuonea wivu. Usingoje uniishe.

Dada yako, Waridi