Dira Juu ya Boneti

3 Rajabu

Kwa jina la Mola aliyeziumba pande zote, akatuchagulia mmoja wa kuuelekea.

Kwa shemeji yangu Fundi, mume wa marehemu dada yangu. Salamu nyingi zikufikie hapo kwa mwanao, pamoja na mkwe na wajukuu. Mimi ni mzima, ila magoti hunikumbusha miaka. Wewe je? Kifua kimetulia?

Shemeji, nina jambo. Juma lililopita nilikuwa nikipangusa sanduku la vitabu. Nikaitoa ile dira ya shaba, nikaiweka juu ya boneti ya gari. Nilipoinyanyua, mshale ukageuka. Nilipoirudisha, ukarudi ulikokuwa. Chuma cha gari kilikuwa kinauvuta. Nikaketi palepale uani.

Unajua nilichokumbuka. Ni miaka thelathini na minane tangu tuujenge ule msikiti mdogo katika kambi ya wachimba chumvi, barabara inapokwisha. Mimi mwalimu wa dini, wewe mwashi. Kibla niliipima kwa dira hii, juu ya boneti ya lori. Ukaja na kijiti chako, ukasema, "Mwalimu, kivuli cha adhuhuri kinakataa." Nami nikakujibu mbele ya watu wote, "Fundi, wewe shika mwiko. Kibla waachie waliosoma." Watu wakacheka. Ukazijenga kuta kama nilivyosema, nami nikarudi nyumbani kabla sakafu haijamwagwa, nikakuacha na dada yangu kambini. Tangu siku ya kicheko kile hukunitania tena. Shemeji asiyetania ni mgeni.

Mwenye kujitahidi kuitafuta kibla akakosea, Mola huipokea swala yake; hilo nimelisomesha. Lakini kumvunjia mtu heshima ni haki ya mja, haifutiki mpaka mwenyewe asamehe. Basi nakuomba unisamehe. Nami nitakwenda huko kwa gari langu, niwaambie watu kwamba kibla yao imepinda, na aliyepatia ni wewe.

Shemeji yako,
Mwalimu

19 Rajabu

Shemeji Mwalimu,

Salamu zimefika, alhamdulillahi. Kifua kinakohoa kikipenda. Mkwe anakusalimu, na wajukuu wanauliza kama bado una zile ndevu.

Safari hiyo achana nayo. Siku tatu za vumbi, peke yako, na macho yako yale yanayosalimia nguzo ukidhani ni watu? Binti yako anajua? Huko hakuna kitu cha kupimwa. Watu wanaswali, wamezoea, waache. Kula uzee wako.

Shemeji yako,
Fundi

2 Shaabani

Mlinzi wa wasafiri akulinde na wewe uliye nyumbani. Hujambo, shemeji? Mimi sijambo.

Nakuandikia alasiri hii katika nyumba ya wageni, siku ya pili ya safari. Binti yangu alizificha funguo za gari. Nikaketi mlangoni kimya siku mbili, hata akazitoa mwenyewe, pamoja na chupa ya chai na mto wa mgongo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umenijibu yote isipokuwa nililokuomba. Silalamiki; mwenye kudai hapangiwi siku ya kusamehe.

Tulipopita njia hii mara ya kwanza tulikuwa watatu ndani ya lori, na dada yangu katikati, amepakata birika lisimwagike. Ndoa yenu haikuwa imetimiza mwezi. Alikuwa akisoma kila kibao cha barabarani kwa sauti, kwani ndiyo kwanza nilikuwa nimemfundisha kusoma. Leo vibao vimepauka. Nimejikuta ninavisoma kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, na tangu asubuhi sijapishana na mtu.

Shemeji yako,
Mwalimu

9 Shaabani

Sifa zote ni za Mola anayefunika aibu za waja wake.

Shemeji, nimefika salama. Kambi imebaki nyumba kumi na moja na upepo. Nilivua viatu, nikaingia msikitini. Kuta zako zimesimama bila ufa. Lakini mistari ya safu sakafuni haikuzifuata kuta: inakwenda mshazari, imekatwa kwa ncha ya mwiko saruji ikingali mbichi. Nikatoka, nikasimika kijiti, nikaingoja adhuhuri. Imenyooka, shemeji. Imenyooka.

Yule aliyekuwa mpishi wa kambi, sasa ndiye mlinzi wa msikiti, akanikumbatia. "Mwalimu! Barua yako tunayo!" Akafungua kasha, akanipa karatasi. Imeandikwa kwamba dira ilikosea, kwamba wamfuate Fundi awachoree safu upya. Chini yake: *Mwalimu wenu*.

Sikuiandika mimi. Ila mwandiko niliujua kabla ya maneno, kwa maana mkono ule niliushika mimi ulipokuwa ukijifunza. Kila "m" ina mguu mmoja mrefu, kosa nililochoka kulisahihisha.

Ijumaa wakanisimamisha niwape mawaidha. Nikawaza: nikisema kweli, nitamwita dada yangu mwongo naye yumo kaburini, na wewe pamoja naye. Nikinyamaza, nitaondoka na heshima ya wizi. Nikasema. "Barua hii si yangu. Aliyeijua kibla ni Fundi, nami nilimfedhehesha hapahapa."

Kisha mpishi akasema kutoka safu ya nyuma, "Mwalimu, gari la barua halikufika miezi minne mwaka ule. Sote tulijua. Mke wa Fundi alikuja jikoni kwangu kuomba karatasi!"

Walicheka, nami nikacheka nao hadi nikafuta macho.

Shemeji yako,
Mwalimu

27 Shaabani

Shemeji Mwalimu,

Namshukuru Mola aliyekurudisha kwako salama. Binti yako ametuletea habari. Sisi wazima.

Ulipoondoka, mimi nilitaka kubomoa ukuta na kulitangaza kosa lako. Dada yako akanizuia. "Ukimvua nguo kaka yangu," akasema, "mimi nitavaa nini?" Akaandika, nami nikachora. Mstari wa kwanza niliukata kwa hasira, bila shaka uliona ulivyozama. Nilipofika wa mwisho, pale mlangoni, hasira ilikuwa imekwisha.

Sikuweza kukwambia nimekusamehe bila kukwambia habari ya barua, na nilimwahidi kwamba haitatoka kinywani mwangu. Sasa amekwambia mwenyewe, kwa mwandiko wake.

Mola akujaze afya, akuwekee binti yako na wote walio chini ya dari lako, na amrehemu yeye aliyetuunganisha.

Shemeji yako, na mtani wako,
Fundi