Pikapu Niliyoilipia kwa Futari

Kitengela,
17 Novemba 2004

Kwa Baba mpendwa, Mzee Nzioka,

Pokea salamu zangu, na umpe Mama zake kabla hujaketi kusoma, maana najua atasimama nyuma yako akiuliza Mukai anasemaje. Mwambie mimi ni mzima na ninakula vizuri. Goti lako linaendeleaje? Na mvua imefika huko Mashuuru, au imeishia kwetu? Hapa udongo mweusi umelowa hadi unatuvua viatu njiani.

Baba, nimenunua gari.

Ni pikapu, Datsun ya rangi ya maziwa, na si mpya hata kidogo. Mlango wa kushoto unafunguliwa kwa ndani tu. Lakini injini ni nzima, na karatasi zake zina jina langu. Juzi nimeiendesha mwenyewe hadi Kajiado na kurudi, na sikugonga mbuzi wa mtu.

Najua sasa umevua miwani unauliza pesa zimetoka wapi. Hakuna mwanamume aliyeninunulia, uwe na amani. Nimepika chakula na kuwapelekea watu kazini kwao. Sijasahau ulivyosema nilipomaliza kozi ya usekretari, kwamba hukuuza ng'ombe zako ili binti yako akabebe sufuria za watu. Ofisi sijaiacha. Bado napiga taipu kila siku, ila mshahara ukishalipa nyumba na unga, unaniaga.

Ilianza na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa niliyoyapika na nyama, niliokuwa nikijibebea wa mchana. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Ahmednasir, mtu wa Garissa, alikuja kuchapiwa barua, akanusa, akaomba kuonja. Kesho yake alitaka sahani za watu wote wa yadi yake ya ng'ombe. Waliuliza tu nyama imechinjwa na nani, na nilipowaambia nanunua kwa bucha ya Jeylani, Mwislamu mwenzao, wakala. Basi mimi na jirani yangu Wanjira tukawa tunaamka alfajiri kupika, na saa ya mapumziko tunasukuma mkokoteni wa chakula kwenye tope kama wendawazimu.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa pale yadini, na niliitaka tangu siku ya kwanza. Ahmednasir alikubali nimlipe kidogo kidogo, bila riba, kwa kuwa dini yake haimruhusu kula riba. Lakini gari lisitoke mpaka nimalize, na nisipomaliza kufikia katikati ya Novemba, atanirudishia pesa zangu amuuzie mtu wa Tuala aliyekuwa akimsumbua na pesa taslimu. Tarehe hiyo niliichagua mimi mwenyewe, tena kwa majivuno.

Katikati ya Oktoba nikafika yadini na sufuria zimejaa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Walinitazama kwa upole, hata wakanihurumia. Sadiyo, mke wa Ahmednasir, akanivuta kando na kuniuliza kama sijui Ramadhani imeanza. Nilijua kuna mwezi wa kufunga, Baba. Sikuwa nimefikiria kwamba tarehe yangu inaangukia humo humo, na wateja wangu wote hawali mchana. Tulikula ule muthokoi na Wanjira mpaka tukauchukia. Nililia, sikufichi. Akilini nilishamwona yule mtu wa Tuala akiondoka na gari langu.

Ni Sadiyo aliyenitoa hapo. Aliniambia wanaume wale wameacha wake zao Garissa, na jioni wanafuturu kwa chai na mkate, na mimi nimekaa nalia. Akanifundisha sambusa na supu yao. Sambusa zangu za kwanza zilipasukia kwenye mafuta, na alicheka akishika ukuta. Alinionya jambo moja tu, kwamba chakula kifike kabla jua halijazama, kwani aliyefunga mchana kutwa hawezi kumngoja mpishi. Hivyo nikitoka ofisini nilikuwa nakimbia, viatu mkononi. Punde wakaanza kuagiza na daku, kisha madereva wa malori ya Kajiado nao wakataka. Mchana haujawahi kunilipa namna ile.

Mkesha wa Idd nilimaliza deni. Mtu wa Tuala alikuwa amekuja na pesa zake, na Ahmednasir akamwambia mbele ya watu wote kwamba amechelewa, mwenye gari ni huyu hapa. Nilipiga kigelegele mwenyewe, sikungoja kupigiwa. Kuendesha nilikuwa nimeshafundishwa na Ouma, dereva wa lori, kule mbugani kila Jumapili baada ya kanisa. Sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe.

Limebaki jambo moja, na nimelibeba tangu Agosti. Siku ile ulipoenda soko la mifugo la Kajiado na rafiki yako Parmuat, mlikula muthokoi kwa mwanamke mmoja kando ya malori. Huyo ni Wanjira; siku za soko nisizokuwa ofisini, lori la yadi lilikuwa likitubeba na sufuria zetu hadi huko. Uliongezwa sahani ya pili, ukauliza amepika nani, naye akajibu ni mama mmoja wa Kitengela. Mimi nilikuwa nyuma ya lori naosha vyombo, nimejifunika leso mpaka puani, nikakusikia ukimwambia, "Ambia huyo mama asiache hii kazi. Kama kuna mtu anamkataza, alete huyo mtu kwangu."

Baba, huyo mama ni mimi, na sijaacha. Na anayenikataza unamfahamu. Tafadhali zungumza naye, mmalizane kabla sijafika Jumamosi na gari.

Msalimie Mama sana, na kaka yangu Kaloki, na Mzee Parmuat. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,
Celine Mukai