Ukuta Usio na Dirisha

Ras Al Khor, Dubai

Kwa mdogo wangu Mwanaesha,

Assalaam aleikum. Naanza na goti lako, maana ndilo lililokuwa likikusumbua nilipoondoka. Je, sasa unainuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono? Na shangazi, kikohozi kimemwachia usingizi? Mimi ni mzima. Joto la hapa limeanza kulegea, na kazi ya vipuri ghalani ni ile ile: kupokea, kukagua, kupanga, na kusikia arbab akisema, "Yalla, mwalimu." Ni bosi mwenye adabu, sina la kumlaumu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hushikwa na kila aingiaye jikoni, na haya sitaki yamfikie binamu yetu Badi kabla ya wakati wake. Barua anakuja nayo mke wa Juma, yule Mzanzibari mwenye karakana mlango wa pili.

Miezi michache iliyopita arbab alitupeleka Japani, mimi na Juma, kwenye mnada wa magari Yokohama. Mnada ulipokwisha alisema, "Khalas, sasa hakuna magari. Tunatazama majengo." Mwarabu huyu anapenda majengo kama wengine wapendavyo ngamia. Alimkodi mama mmoja wa Kijapani mwenye nywele nyeupe atuongoze.

Majengo hayo yanastahili safari, Mwanaesha, na ukijaaliwa kwenda usiishie madukani. Huko Yokohama kuna gati la meli za abiria ambalo paa lake ni sakafu. Unatembea juu ya mbao, zinapanda kama kilima, zinashuka, na kabla hujatambua umekwisha ingia ndani bila kukanyaga kidato kimoja. Juu yake watoto wanalala kwenye nyasi. Mji wa Kanazawa una jumba la sanaa la mviringo, kuta zake vioo pande zote, halina mbele wala nyuma. Ndani yake kuna bwawa ambalo maji yake ni kidogo tu, yametandazwa juu ya kioo, na chini ya kioo pana chumba kikavu. Watu walio chini wanaonekana kama waliozama. Nilisimama ukingoni nikamfikiria Badi yuko chini, ananipungia mkono, nami nampungia wangu. Nilikaa hapo hata Juma akaja kunivuta.

Lakini lililonifanya nikuandikie liko Osaka. Tuliingia katika mtaa wa nyumba ndogo za mbao, tukasimama mbele ya nyumba moja iliyobanwa na majirani, nyembamba kama duka. Mbele yake ni ukuta wa zege, bila plasta, bila rangi, bila dirisha hata moja. Katikati pana uwazi wa mlango, basi.

"Mwalimu," Juma alisema, "tumepanda treni kuja kutazama ubavu wa ghala? Haya si tele kwetu Ras Al Khor, tena bila ya viza?"

"Tazama."

"Nishatazama. Watu hawa wamegombana na jua?"

Yule mama akatuomba tupunguze sauti, kwa kuwa mna watu wanaoishi humo na mgeni haruhusiwi kubisha hodi. Akatuonyesha picha. Kumbe ndani kuna chumba mbele, chumba nyuma, na katikati ua ulio wazi kwa mbingu. Jua lote linamwagikia humo. Anayetoka jikoni kwenda kulala hupita uani, mvua ikinyesha hulowa, na hakuna jirani awezaye kumwona.

"Hii ni nyumba ya kwetu Malindi," nilisema. Juma akacheka. Mimi sikucheka, maana nilimwona Mama.

Wewe unayajua, lakini acha niyaandike, kwa sababu yakisemwa tu yanapoa. Babu aliacha nyumba moja, ikagawanywa: mbele kwa ami yetu, nyuma na ua kwetu. Ami alipokufa, mwanawe Badi akabomoa mbele yote, pamoja na daka la mlangoni tulilolalia tulipokuwa watoto, akasimamisha ghorofa tatu za vyumba vya kupangisha juu kabisa ya mpaka, hakuacha hata shubiri. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna Mswahili aliyelelewa vyema anayelifanya: akafungua madirisha yote kuelekea ua wa jirani. Nilipomwendea alinijibu mbele ya mafundi wake, "Sheria ya madirisha iko kwenye ubao wa darasani kwako, mwalimu. Hapa ni mjini."

Tangu siku hiyo Mama alisonga ugali amejitanda buibui katika ua wake mwenyewe. Baadaye akaacha kutoka. Mwaka wake wa mwisho hakuota jua. Na sasa Badi anakutumia watu utie saini umwuzie ua huo, akisema hata mbuzi akijigeuza humo atakwama.

Usitie saini. Nimechorewa nyumba. Fundi Kazungu ameuona mchoro, na kaunti wameupitisha. Chumba nyuma, chumba mbele, ua katikati, na upande wa Badi ukuta wa zege wa ghorofa tatu juu ya mpaka, kama yeye alivyojenga. Hautakuwa na dirisha. Utayagusa madirisha yake yote kama kiganja kinavyoufunika mdomo. Wapangaji wakikosa hewa, wamwulize mwenye nyumba. Wewe utaanika nguo kichwa wazi, na jioni utaota jua alilonyimwa Mama.

Ulinitumia sauti ukisema, "Kaka, damu ni damu, msamehe." Najua kusamehe ni bora. Nimekuwa bora kwa miaka mingi, na Mama amekufa gizani. Baada ya ukuta kukauka nitafikiria.

Nisalimie shangazi, umwambie dawa yake ya kifua iko katika mzigo huu. Msalimie binti yako mkubwa, asiache masomo, na mumewe, ambaye bado hajaijibu barua yangu. Fundi Kazungu mpe salamu zangu na umwambie aanze kuchimba Jumatatu baada ya harusi, si kabla.

Ndiyo, uliniuliza kuhusu harusi ya binti wa Badi, uende au usiende. Nenda. Vaa vizuri, umtunze bibi harusi, ule biriani ushibe. Wanawake watakaa ghorofa ya juu. Chagua mahali karibu na dirisha linalotazama ua wetu, na mke wa Badi akipita, mwambie chumba chake kina upepo mzuri.

Kaka yako anayekuombea afya,
Mwalimu Abdalla