Miaka Saba Niliyomnyima Diambra Chakula

Jumatano, 12 Novemba 1343

Kifua kimebana tena. Sista Massaia, anayetutunza wagonjwa, kaniwekea majani ya moto mgongoni huku akinitania: nikifika Noeli ataniokea mkate wa asali. Anajua sifiki. Nami najua.

Mama Mkuu alipita. Jumapili wajumbe wa Askofu wanakuja kuuliza habari za marehemu Diambra, sista mwenzetu, kama anastahili kuitwa mtakatifu. Shahidi mkuu ni mimi — niliishi naye miaka ishirini na mmoja, na kitabu cha maisha yake nilikiandika kwa mkono wangu.

Halafu habari mbaya. Mnovisi Vannuccia, ambaye bado hajaweka nadhiri, ameanguka kanisani. Tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote hajaweka kitu mdomoni ila Komunyo. Massaia kambembeleza na mchuzi, wapi! Msichana kajibu kwamba Diambra alikaa hivyo miaka saba.

Ukurasa wangu huo. Unasomwa mezani kila Ijumaa, wenzake wakitafuna.

Alhamisi, 13 Novemba

Niandike ukweli, walau hapa.

Diambra alikula! Tena kwa furaha, mkate akiuzungusha bakulini mpaka bakuli ling'ae. Alikuwa binti wa mchunga nyumbu wa mizigo, akaja kwetu akiwa na miaka kumi na saba, miguu mitupu. Nilimuuliza Mungu alimwitaje. Nilitaka sauti, nilitaka mwanga. Akacheka. "Sauti gani, Iacopa? Nilikuwa namwosha mkoma miguu. Nilipomaliza sikutaka tena kurudi nyumbani. Basi." Na hakurudi. Miaka yote aliwaosha, aliwalisha, akala nao sahani moja.

Mwisho ukaja uvimbe kooni. Siku arobaini hakuweza kumeza. Alililia supu, maskini. Mimi siku zile nikazifanya miaka saba, na ugonjwa nikaufanya mfungo. Watakatifu wote tuliosomewa walifunga; wangu angekosaje?

Nilimpenda, nikaona haya kwamba alisikia njaa.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimebebwa mpaka kwa Vannuccia. Mkono wake mwepesi kama kijiti. Nimemweleza yote. Alinisikiliza kwa upole, kisha akanipapasa shavu — yeye, mtoto wa miaka kumi na sita, ananifariji mimi!

"Unanidanganya ili nile, Sista. Nakusamehe. Lakini kitabu hakidanganyi."

Kutoka chini, chumba cha chakula, nilisikia wameshaanza kukisoma.

Jumamosi, 15 Novemba

Nilimwambia Mama Mkuu kwamba kesho nitaukana ukurasa ule. Alifunga mlango kwanza. Akasema wajumbe watakitupa kitabu kizima, na wakoma wanaokuja kupiga magoti kaburini watabaki na nani?

"Mwachie Mungu huyo msichana, Iacopa."

"Mungu ameshaniachia mimi, Mama."

Akalia. Mimi na yeye ndio tuliomvisha Diambra sanda.

Jumapili, 16 Novemba

Nimesema. Mkono juu ya Injili, mbele ya wote. Niliomba Vannuccia aletwe, akaletwa amebebwa kitini. Nikasema: alikula, alipenda kula, uongo ni wangu peke yangu.

Padre wa Askofu akaweka kalamu chini. "Sista, unajua unamfanya nini marehemu?"

Namrudishia njaa yake, nikamwambia.

Mama Mkuu alifunika uso. Vannuccia akapiga kelele — "Mwongo!" — sijui alipata wapi nguvu. Wakambeba kumrudisha kitandani.

Wajumbe wamejifungia tangu asubuhi. Dada zangu wanapita mlangoni pangu bila kugeuza shingo. Siwalaumu. Diambra, nisamehe kwa yale, na kwa haya.

Sasa hivi Massaia ameingia, anahema. Vannuccia hajala bado, nikamuuliza? Hajala.

"Ila kauliza Diambra alipenda chakula gani hasa. Mimi nitajuaje, bibi wee? Njoo umjibu mwenyewe!"

Ameenda kutafuta wa kunibeba. Nianze na kipi? Dengu. Hapana — maharage, yenye kitunguu saumu na mafuta mengi, na jinsi alivyokuwa akichungulia sufuria, akimsukuma mpishi kwa kiwiko, akidai kwamba—