Gari Lililojilipia Lenyewe

Hamar,
Jumatano, 8 Aprili 2026

Mpendwa mdogo wangu Ragnfrid,

Salamu nyingi sana kutoka kwa dada yako. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji Leighton, bado anapanda juu ya paa kama kijana? Mwambie ashuke. Mimi ni mzima wa afya, presha iko sawa, ila pua imeungua na jua la mlimani, Pasaka kama kawaida. Huko Tasmania najua majani yanaanza kupukutika, basi jifunike vizuri.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu habari hii ni ndefu, na kwenye simu huwa unanikatiza. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Unakumbuka mlivyonipigia kura Krismasi. Mwanangu Trygve alisema mama wa miaka sabini na minne hapaswi kuvuka mlima peke yake na gari la umeme. Mkewe Solfrid akamuunga mkono huku akinimiminia kahawa. Na wewe, damu yangu, ukiwa mwisho wa dunia umevaa kaptura, ukasema kwenye simu, "Trygve ana hoja." Sijasahau. Tatu kwa moja.

Ndipo tukawekeana sharti. Pasaka ningeendesha peke yangu kutoka hapa Hamar mpaka kwenye nyumba yetu ya mlimani kule Oppdal. Nikimpigia Trygve hata mara moja aje kuniokoa, ufunguo ni wake na gari linauzwa kabla ya sikukuu ya taifa, tarehe kumi na saba Mei. Nilimpa mkono mbele ya watoto. Alidhani nitaogopa.

Ragnfrid, nikuambie ukweli ambao sikuusema siku ile. Tangu mume wangu Arnljot afariki, gari hilo ndilo linaloniamsha asubuhi. Bila gari, mimi ni mtu wa kukaa dirishani nikisubiri nani ana nafasi ya kunichukua. Nililala siku tatu bila usingizi mzuri kabla ya safari.

Sasa, lazima nikiri jambo la aibu. Gari nililinunua Oktoba, mtumba, kwa muuzaji wa magari hapa mjini. Mara ya kwanza kwenda kulichaji kituoni, nilichomeka waya, nikavaa miwani nisome maelekezo, na kabla sijamaliza mstari wa kwanza umeme ulikuwa unaingia. Nilimuuliza Trygve, akajibu bila kuinua macho, "Mama, magari ya siku hizi yanajilipia yenyewe." Basi nikaona ni kama tozo za barabara: unapita, kamera inakuona, bili inakuja, benki inalipa, nawe huisomi. Miezi mitano nikachaji namna hiyo, roho kwatu. Hapo ndipo nilipokula wa chuya kwa uvivu wa kuchagua.

Jumatano ya tarehe mosi nikaondoka asubuhi na chupa ya kahawa, mkate wa jibini ya kahawia na machungwa manne. Hali ya hewa nzuri kabisa. Dombås nikakuta foleni ya kuchaji inafika barabarani, kila gari na mbao zake za kutelezea thelujini juu ya paa. Nikajiona mjanja, nikasema nitachaji juu, Hjerkinn, kule watu ni wachache. Wajanja wengine wote walikuwa wamesema hivyo hivyo. Upepo wa mbele ukanila betri, nikafika na asilimia saba, nikapanga foleni ya magari manane kwa mashine nne.

Zamu yangu ikafika. Nikachomeka. Taa ikawaka buluu, nikatabasamu, halafu ikawa nyekundu. Kwenye kioo: Malipo yamekataliwa.

Nikachomoa, nikachomeka tena. Malipo yamekataliwa. Nikafunga milango, nikafungua. Nikazima gari, nikaliwasha. Nikashikilia plagi kwa mikono miwili, maana kwenye baridi waya ule unakuwa mzito na plagi hulegea. Mashine ya jirani ikawa wazi, nikahamia. Nyekundu. Mahali pa kugusisha kadi ya benki palikuwa pamefunikwa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa gundi. Jasho lilinitoka ndani ya sweta, na nje ni baridi ya kuganda.

Watu wetu unawajua. Magari manane nyuma yangu na hakuna aliyesema neno, wote wamekodoa macho kwenye simu zao kana kwamba sipo. Ila mmoja, bwana wa Oslo mwenye sanduku refu juu ya gari, akashusha kioo.

"Mama, ni siku ya wajinga leo au?"

"Kama ni siku yenu, hongera," nikamjibu.

Simu ilikuwa mkononi na jina la Trygve lilikuwa la kwanza kabisa. Ninakuapia, kidole kilishalifikia. Niliwaza gari likiburutwa na la kuvutia magari, na Trygve akisema kwa upole, maana ule upole wake ndio unaoniua, "Umejitahidi, mama." Nikairudisha simu mfukoni.

Badala yake nilifanya kitu ambacho sijawahi kukifanya maishani. Nilienda kugonga kioo cha mtu nisiyemjua. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kofia nyekundu ya kufuma, anaitwa Åshild, fundi bomba kutoka Gjøvik. Akatoka na chungwa lake mkononi akilimenya.

"Umejiandikisha kwenye programu ya simu?"

"Programu gani?"

Akaniangalia. "Sasa umekuwa ukilipaje siku zote hizi, dada?"

Swali hilo, Ragnfrid, lilinishuka mpaka miguuni.

Åshild akaniwekea programu kwenye simu, tukaingiza kadi yangu ya benki, tukajaribu kuianzisha mashine kutoka humo. Ikawaka, ikazima. Tukajaribu kuliandikisha gari. Jibu likaja: Gari hili tayari limeandikishwa kwa mteja mwingine.

Tukapiga huduma kwa wateja. Binti mmoja mwenye adabu sana akatueleza kwamba kila gari lina namba yake ya ndani. Ukichomeka waya, mashine inasoma namba hiyo na kumkata hela mwenye namba. Namba ya gari langu iko kwa mtu mwingine, na kadi yake imekwisha muda tangu jana. Ndiyo maana mashine inakimbilia kwake kwanza, inakataliwa, inakata umeme, hata nikilipa mimi.

"Basi mfute huyo mtu," nikasema.

"Hilo ni yeye tu awezaye. Au ututumie hati za gari, tutajibu baada ya sikukuu."

"Ni nani?"

"Siruhusiwi kusema, mama. Pasaka njema."

Hebu fikiri! Miezi mitano mtu fulani amekuwa akinilisha gari, nami sijui hata jina lake. Nilijiona mwizi mbele ya magari manane.

Åshild ndiye aliyeuliza kama gari lina kitabu cha matengenezo. Tukapekua kile kisanduku cha mbele ya abiria. Kitabu kilikuwepo, na ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa zamani ulionyooka: Eilif Brenna, Lillehammer, na namba ya simu. Nikapiga kabla ujasiri haujaniisha. Ikaita mara moja tu.

"Uko Hjerkinn," sauti ya mzee ikasema.

Nikaibana simu sikioni.

"Simu imenisomea mara tisa sasa kwamba kadi yangu imekataliwa Hjerkinn. Nikasema moyoni, leo atapiga. Unaitwa nani, mama?"

"Torgunn. Mzee Eilif, naomba radhi sana, sikujua, nitakulipa kila..."

"Nilijua hujui. Mwizi angechaji kila siku. Wewe Ijumaa moja kila wiki mbili. Otta, Ringebu, Dombås. Krismasi ulikwenda Røros, nikafurahi mno, mimi sikuwahi kulifikisha Røros."

Ana miaka themanini na minne. Macho yalimwacha mwaka jana, akaliuza gari siku ile ile daktari alipomwambia. Ujumbe wa kwanza ulipofika Oktoba alitaka kupiga simu kulalamika. Kisha akasubiri wa pili. Akaniambia kwamba simu ikimsomea jina la mahali anaiona barabara yote mpaka pale, kona kwa kona, na jioni inakuwa fupi. Nilisimama kwenye theluji nikilia kama mtoto, Åshild ananipa nusu chungwa.

Nikamweleza shida.

"Kwa hiyo lazima nilifute."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Haya. Ila mimi sioni, simu inanisomea vitufe. Mtanivumilia."

Nikaweka sauti kubwa. Hapo ndipo foleni nzima ilipotoka magarini. Watu wasiosalimiana hata kwenye lifti! Wakalizunguka gari langu, kila mtu na programu yake wazi, wakimwelekeza mzee asiyewaona.

"Shuka chini, mzee, mpaka isome 'Magari yangu'."

"Imesoma 'Msaada'."

"Umepita, rudi juu!"

"Msimkimbize, nyie!" Huyo alikuwa yule wa Oslo, amini usiamini. "Mzee, gusa mara mbili. Polepole. Tupo."

Ilichukua karibu dakika kumi. Mwishowe tukaisikia simu yake ikisoma kwa ile sauti yake kavu: "Je, una hakika unataka kuliondoa gari hili?"

Watu kumi na wawili kwenye upepo wakaisogelea simu.

"Hakika si neno lenyewe," Eilif akasema, "lakini haya." Akagusa.

Åshild akanisukuma. Nikachomeka, nikaianzisha kutoka kwenye simu yangu mara hiyo ya kwanza, ikaniuliza kama nataka gari likumbukwe. Nikagusa ndiyo. Buluu. Tukahesabu kwa sauti, maana binti alisema inaweza kuchukua dakika nzima. Tulipofika arobaini na moja, ikawa kijani! Ragnfrid, kelele zilizopigwa pale! Yule wa Oslo alinikumbatia, na soseji yake ikaanguka.

Lakini simuni mzee alikuwa anasema taratibu, "Vizuri. Vizuri sana. Sasa sitajua tena liko wapi." Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimemnyang'anya. Na nilielewa zaidi ya wale wote waliosimama pale, kwa sababu ndicho hicho mlichotaka kuninyang'anya mimi.

Nikamuuliza Åshild kama kuna mahali pa kuandika namba nyingine ipokee taarifa. Pako. Malipo ni yangu, habari ni za Eilif. Tuliandika namba yake hapo hapo. Dakika moja baadaye alipiga yeye: "Limefika asilimia kumi na tisa!" akacheka mpaka akakohoa.

Nilifika Oppdal saa kumi alasiri, Trygve yuko mlangoni tayari amevaa buti za kuja kuniokoa. Nikamsimulia yote.

"Mama, umesaidiwa na watu kumi na wawili!"

"Sharti lilikuwa nisikupigie wewe. Nilikupigia?"

Solfrid akaangua kicheko, na hapo kura yake ikahama. Trygve alibaki akisugua kidevu, kisha akalibeba begi langu. Usiku alikuja kusema anaomba radhi kwa kunijibu ovyo ile Oktoba. Sasa ni mbili kwa mbili, nawe ndiye umebaki upande wake. Fikiria vizuri.

Jana nikirudi nilipita Lillehammer. Nilikuwa nimechaji Ringebu, kwa hiyo Eilif alikuwa nje kwenye ngazi kabla sijazima gari, amechana nywele, amevaa koti zuri. Nilimpa bahasha ya gharama zake, akairudisha kwenye mkoba wangu. Alisema zile hela alinunulia safari, na hakuna safari iliyomgharimu kidogo vile. Alikubali kitu kimoja tu, kwamba Ijumaa za kuchaji nimpitie akae pembeni yangu. Mwenyewe nilitaka hilo hata kabla hajasema.

Kisha akaomba alisalimie gari. Akalizunguka taratibu, mkono ukipita juu ya bati, kioo, mlango. Nyuma upande wa kulia mkono ukasimama. Ukarudi. Ukapapasa.

"Huu mkwaruzo siujui."

"Huo ni wangu," nikasema. "Novemba. Nguzo ya duka la maua."

"Mwanao anajua?"

"Hajui."

Eilif akavua skafu yake, akaanza kuusugua mkwaruzo kwa pumzi na kitambaa, mzee asiyeona, kwa makini ya fundi. "Basi na asijue," akasema. "Mimi sijaona kitu."

Nawe pia, mdogo wangu, hujasoma kitu.

Nisalimie shemeji Leighton, na binti yako Marit, na wale pacha wake ambao siku hizi siwatofautishi kwenye picha. Trygve, Solfrid na watoto wanakusalimu. Mungu akulinde huko kwenye baridi inayokuja, akuponye goti, na akuguse moyo kuhusu ile kura.

Dada yako akupendaye, na dereva bado,
Torgunn