Suti Iliyofungua Mwaka

Bi Salma,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenikataza kuanza maneno na mtu mzima bila salamu. Mwaka nimeshauanza vibaya, barua nisiianze vibaya pia.

Duka bado lipo. Jirani yetu muuza donati bado anafungulia redio kana kwamba wateja wake wako Oklahoma, jimbo la jirani, na si hapa Carrollton. Cherehani yako naipaka mafuta kila Ijumaa ila sijaikalia. Nashonea ile yangu inayokoroma, ambayo ulikuwa ukiicheka.

Tangu uondoke mwezi wa tisa wateja wamepungua. Waliamini mkono wako, si wangu. Wengine walikuja kuchukua vitenge ambavyo nilikuwa sijavikata, kwa adabu kabisa, huku wakiniuliza habari za afya. Msimamizi wangu wa zamani kule ghalani Mesquite aliniambia nafasi yangu ya kupanga maboksi ataishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo Januari hii ya 2019 ndiyo ilikuwa ya kuamua kama duka litasimama au nitarudi kwenye maboksi.

Nikasema nitaufungua mwaka kama ulivyokuwa ukiufungua. Uliamini mteja wa kwanza ndiye anayeupa mwaka sura yake, na jambo hilo hukuliachia bahati. Desemba nzima ulitafuta bibi harusi au mama mwenye kichanga, ukampangia siku ya kwanza ya kazi, na kabla hajafika hakuna aliyevuka kizingiti. Nakumbuka ulivyomsimamisha nje kwenye baridi yule mtu wa posta na vifurushi vyake. "Samahani baba, bado hatujafungua," ukamwambia kwa Kiswahili, na sijui alielewaje, lakini alisubiri.

Mimi nikampata Upendo wa Lewisville, anaolewa Aprili. Tukakubaliana saa nne asubuhi. Nikafagia, nikafuta vioo, nikawasha pasi na taa ya mlangoni.

Saa tatu hivi mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Kamau, yule nesi Mkenya wa Mesquite uliyemshonea sare za kwaya. Alikuwa na nguo za kazini, na mkononi suti ya mume wake. Baba Kamau alifariki wiki ya Krismasi baada ya kuugua muda mrefu. "Fundi, hii suti ni kubwa sasa," akasema. "Alikonda sana. Viewing ya kumuaga ni Saturday, na sitaki watu wamwone amepotelea ndani ya nguo."

Bi Salma, nilimwambia bado sijafungua, arudi mchana. Nilimwambia hivyo taa ikiwaka na pasi ikitoa mvuke. Akaitazama pasi, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, fundi," akaondoka na suti yake.

Upendo akaja, nikampima, tukacheka, akaniachia kipande cha keki. Mwaka ukawa umefunguliwa kama ulivyotaka. Keki nikaiacha bila kuionja. Mchana Mama Kamau hakurudi, na ningekuwa mimi nisingerudi.

Nilikumbuka siku ya maziko yako. Nilikuja msikitini na mkasi na sindano mfukoni, mimi Mlutheri wa Singida, nikidhani kuna kitu nitakushonea. Akina mama wakaniambia kwa upole kwamba sanda wameshaikata na hakuna kazi ya fundi pale. Nikaenda kukaa kwenye gari. Miaka mitatu ulinifundisha kushona, na sikupata hata pindo moja la kukushonea. Nililia siku ile kuliko siku niliyosikia umefariki. Sasa Mama Kamau alikuwa na kitu cha kumfanyia mtu wake, alihitaji mkono wangu tu, na mimi nikamrudisha mlangoni.

Kesho yake niliomba anwani kwa watu wa kanisa lake nikaendesha hadi Mesquite. Nyumba ilijaa wageni na vikombe vya chai. Nikamwambia mbele yao kwamba nilimdanganya, duka lilikuwa wazi.

"Nilijua," akasema. "Lakini umekuja. Kaa."

Vipimo sikuwa navyo, na kwenda kumpima marehemu nisingeweza. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha miezi yote ile ya ugonjwa. Akalitandaza koti mezani, akaweka viganja vyake viwili pande za kifua, akavisogeza karibu, akavisogeza tena. "Hapa," akasema. "Aliishia hapa." Nikatia pini pale vidole vyake vilipokuwa.

Nilishona kwa mkono palepale kwenye kochi. Nilipofika mshono wa mgongoni nikakilaza ndani kitambaa kilichozidi bila kukikata, kama ulivyonizoeza. Akaniuliza mbona sikati. Nikajibu bila kufikiri, "Huwa hatukati, mama. Mtu anaweza kunenepa tena."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama Kamau akanikodolea macho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, na katikati ya kicheko kile machozi yakamtoka na wifi zake wakamshika. Walikuwa wakimwogopea, kwani tangu Krismasi alikuwa hajalia. Aliponyamaza akajifuta uso akaniambia, "Acha hivyo hivyo. Usikate."

Jumamosi nilisimama nyuma kanisani. Suti ilimkaa.

Utaniuliza nani alifungua mwaka. Upendo ndiye aliyeingia kwanza, lakini kwangu mimi aliyeufungua ni marehemu, na mteja wa namna hiyo wewe usingemruhusu avuke kizingiti. Au labda ungemruhusu. Sina tena wa kumuuliza, na hilo linaniuma kuliko wateja walioondoka.

Wateja bado ni wa kuhesabika. Hata hivyo Jumatatu nilimpigia yule msimamizi nikamwambia nafasi ampe mtu mwingine.

Nakuahidi mlango huu nitaufungua kila asubuhi nikiwa na nguvu, na kila mwaka mpya atakayegonga kwanza ndiye atakayeingia, awe amebeba shela au nguo ya maziko. Ukiona mwaka wako nimeuharibu, nisamehe. Ningeuharibu hivi hivi tena.

Pumzika, Bi Salma.

Elia