Ubuyu wa Mama Mkwe

Dada Zuhura wangu,

Huku Songea baridi inauma mpaka masikio, ila jana nimecheka hadi nikavua sweta. Tulikuwa jikoni, wifi akaninong'oneza, "Nina ubuyu wa mama!" Yaani umbea. Kumbe mama mkwe yuko mlangoni! Akachukua bakuli, akakaa. "Haya, ubuyu wangu uko wapi?"

Nikatoka mbio mpaka dukani hapa Lizaboni kununua ubuyu wenyewe, ule mwekundu wa pilipili. Mama akamung'unya taratibu mpaka mbegu ya mwisho, midomo imemwiva. Kisha akafuta vidole.

"Mtamu, wanangu. Sasa nipeni ule mwingine."

Wabusu watoto. Ukija huku, umbea tutaupigia shambani.

Mdogo wako,
Mwajuma